Historia ya Mama Sesilia wa Uhindini, Bila Kufuta Mstari

Wafiwa wenzangu, majirani wa Uhindini, nanyi mliotoka Shinyanga, Bugarama, Nyarugusu na Mwanza kuja kumsindikiza mama huyu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Sesilia Maige, nina miaka arobaini na mitano, ni fundi cherehani wa duka hili ambalo mmeketi barazani pake. Karatasi hii marehemu aliisema mwenyewe kwa kinywa chake mwezi uliopita, jirani yetu Mama Mwamvua akaiandika na kuipeleka kuchapwa, na asubuhi ya leo, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, nimekabidhiwa na Kaka Dhaval wa Mwanza, ambaye baba yake na mume wa marehemu walikuwa tumbo moja, akaniomba niisome kwa niaba ya familia kwa kuwa sauti yangu inafika hadi kwenye pampu ya maji. Nimeipokea kwa mikono miwili. Lakini ilipofika kwangu ilikuwa na mstari mmoja uliofutwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake umeandikwa mwingine, nami nitausoma huo wa juu na ule wa chini, wote wawili, kwa sababu historia ya mtu si gauni, huwezi kuipunguza pindo mwenyewe akiwa amelala.

Marehemu Maniben alizaliwa tarehe 2 Novemba 1948, Shinyanga mjini, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, jirani na kinu cha pamba, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Babu yake ndiye aliyetoka Gujarati, akafungua duka la chumvi na kaniki, na marehemu hakupenda kabisa kuulizwa kwao ni wapi, mtu akimwuliza alimjibu kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, yeye ukoo wake umelima miaka mia, sasa huo ugeni utaisha lini.

Alisoma katika shule ya watoto wa Kihindi hapo Shinyanga kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, akafundishwa Kigujarati na Kiingereza, ila Kisukuma hakufundishwa na mwalimu yeyote, alikiokota kwenye foleni ya wakulima wa pamba waliokuwa wakija dukani na familia zao msimu wa mauzo, na alikiokota chote, mpaka na matusi. Alipomaliza shule alikaa dukani kwa baba yake miaka mitano akipima vitambaa, na mkono wake ulikuwa wa haki, akishafika mwisho wa kipimo alikuwa akiongeza upana wa vidole vitatu na kusema kwamba nguo hurudi ikifuliwa.

Siku ya Jumapili tarehe 10 Desemba 1967 alifunga ndoa na Bwana Kaushik wa Kahama, wakapanda treni hadi Isaka, na kutoka Isaka bibi harusi akaletwa juu ya lori la pamba, amevaa sari nyekundu, akafika hapa mwekundu kwa sari na mwekundu kwa vumbi. Mama mkwe alimpokea kwenye ngazi hizi hizi.

Niwaeleze vijana, maana ninyi mnaona ghorofa za vioo tu, hamjui mmeketi wapi. Uhindini ya wakati ule ilikuwa na maduka thelathini na mawili, kumi na sita kila upande, na baraza moja refu liliyaunganisha yote, ukianza kwenye hekalu lenye kengele unatembea chini ya bati hadi kwenye jumba la sinema bila tone la mvua kukugusa, na sheria ya mtaa ilikuwa moja, hakuna aliyeruhusiwa kuziba baraza lake kwa ukuta wala kwa kamba. Ndani alikaa mwenye duka, nje kwenye kila baraza alikaa fundi na cherehani yake, mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho, anapimwa hapo hapo, na fundi hakuombwa kodi, kazi yake ilikuwa kufagia baraza asubuhi na kukaa na ufunguo wa pili. Sikukuu yao ya taa ilipofika, mafundi wote walikula peremende kwa sinia, Idi ikifika pilau ilitoka nyumba za Waislamu na kuzunguka mtaa mzima, na Krismasi Wahindi hawa wasiokula nyama walikuwa wakituletea mbuzi mzima kisha wanageuza uso wasimwone akichinjwa. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na asiyeamini ashikwe mkono na wazee walioko hapa.

Juu ya mlango huu kulikuwa na ubao ulioandikwa KAUSHIK NA WANAWE, uliochorwa na baba mkwe kabla hata bibi harusi hajashuka kwenye lori. Wana hawakuja. Walikwenda kwa madaktari wa Mwanza, wakaenda mahekaluni, wakafunga siku walizoambiwa wafunge, wana hawakuja. Na mwaka 1971 ilipokuja sheria ya kutaifisha majengo, familia za Uhindini zilianza kuondoka moja baada ya nyingine, zikaenda Uingereza na Kanada, na kila gari lilipopakia masanduku marehemu alisimama hapa nje, akapunga mkono, akaingia ndani kuendelea kupima kitambaa. Bwana Kaushik alipomwuliza kama na wao wafungashe, alimjibu, "Wewe nenda, ukirudi utanikuta." Bwana Kaushik hakwenda popote, alikuwa anamjua mkewe.

Sasa nimefika kwenye watoto, na hapa ndipo ilipopita kalamu nyekundu. Mstari ulioandikwa juu unasema hivi: Marehemu hakujaliwa kupata mtoto, ameacha mfanyakazi wake wa muda mrefu, Sesilia. Nimeusoma. Mstari wa chini, aliousema marehemu mwenyewe, wino haukuweza kuuficha, unasema: Nina mtoto mmoja, Sesilia, na moto wangu atauwasha yeye.

Nimeumia, jamani. Nasema wazi mbele ya mwili wake, nimeumia.

Baba yangu mzazi, Maige, mtu wa Bugarama, alikuwa fundi wa baraza hili, na mama yangu mzazi alifariki nikiwa nanyonya. Mwezi Oktoba 1985 maneno yalifika kwamba Nyarugusu dhahabu inaokotwa kama karanga, baba akafunika cherehani kwa gunia, akaniacha hapa na miaka yangu sita, akamwambia mama huyu kwamba Jumamosi atarudi. Baada ya siku kumi na mbili walikuja wanaume wawili na kofia yake, duara lilikuwa limeshuka likamfunika, duara ndilo shimo la wachimbaji kwa wasiojua, na hawakuweza kumtoa. Januari 1986 alikuja shangazi yangu Suzana kutoka Bugarama kunichukua, kama mila inavyotaka, naye marehemu akamkalisha, akamwekea chai, akamwuliza kwa Kisukuma ana watoto wangapi. Shangazi akasema tisa. Marehemu akamwambia, "Wewe tisa, mimi sifuri, Mungu siku hiyo alichoka kugawa, basi tumsaidie." Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika, akaondoka peke yake, na leo yuko pale, mwenye kitenge cha bluu, ana miaka themanini na mbili na kumbukumbu yake ni nzima, mwulizeni.

Aliniita ng'wana wane, mwanangu, tangu siku hiyo. Alinipeleka shule, alinilipia, alinichapa pia, tusidanganyane, alikuwa na mkono mwepesi mtu akikata kitambaa vibaya. Dini yangu hakuigusa, baba aliniacha Mkatoliki na yeye akasema mali ya marehemu haibadilishwi, kila Jumapili alinisindikiza mpaka mlango wa kanisa, akasimama nje na sari yake na mwavuli wake mpaka misa iishe, na akina mama wa kanisani walipomkaribisha ndani aliwaambia ameshasali nyumbani, hapa amekuja kuchukua mtoto.

Bwana Kaushik alifariki tarehe 17 Julai 1993. Mila ya kwao ni kwamba wanaume ndio wanaokwenda kwenye moto, wanawake hubaki nyumbani, lakini siku hiyo marehemu alivaa sari nyeupe, akanishika mkono, akafuata msafara kwa miguu hadi kule ng'ambo ya korongo, mahali ambapo Wahindi wa Kahama wamechomwa tangu enzi za babu zao, penye banda la bati na nguzo nne za chuma, mnapoita Motoni. Wazee walimgeukia, wakamwomba arudi. Akawaambia, "Miaka ishirini na sita nimempikia, leo ndiyo nishindwe kumsindikiza?" Wakatazamana, wakaendelea na safari. Mwaka uliofuata alimwita mchoraji Stanslaus, ubao ule ukapakwa rangi, ukaandikwa MAMA SESILIA, VITAMBAA NA USHONAJI, ndugu wa Mwanza wakalalamika kwamba ni aibu, naye akawauliza mbona ubao wa kwanza ulidanganya miaka ishirini na saba na hakuna aliyeona aibu.

Nisiseme mengi kuhusu ile Juni 2012, mnaikumbuka. Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu, jina lake silitaji kwa kuwa leo si siku yake, alipenda kiwanja cha Motoni kwa sababu kiko karibu na maji, alitaka kuchenjulia mchanga wake pale, na asubuhi moja tukakuta bikoni, zile nguzo za mpaka, zimeshapigwa. Wahindi wa Uhindini wakati huo walikuwa wamebaki wawili, yeye na Mzee Zakir wa vipuri, naye Mzee Zakir ni Mwislamu, hachomwi, ila alifunga duka lake akaja. Marehemu, na miaka yake sitini na mitatu, alibebesha cherehani kwenye mkokoteni, akaiweka chini ya lile banda, pale pale panapopangwa kuni, akakaa akashona. Siku kumi na moja! Akatangaza kwamba anayetaka sare za shule azifuate Motoni, na watu walizifuata, wazazi wa Kahama walipanga mstari mahali ambapo zamani hata kupita walikuwa wakiogopa, watoto wakapimwa mabega hapo, Mama Mwamvua akileta chai na maandazi kila saa nne. Yule bwana alikuja siku ya tisa na gari lake, akashusha kioo, akasema, "Mama, haya ni makaburi ya watu walioondoka." Marehemu hakuinua hata macho, akaweka uzi kwenye sindano, akamjibu, "Mimi nimeondoka?" Siku ya kumi na moja bikoni ziling'olewa na walewale waliozipiga, na banda liko pale hadi leo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na sukari mwaka 2009, na kuanzia Machi 2022 figo zikachoka, tukawa tunasafiri mara mbili kwa wiki kwenda kusafisha damu, yeye kwenye basi akishona vifungo ili, kama alivyosema, safari isiende bure. Tarehe 8 Januari mwaka huu alisema basi, inatosha, akamwita Mama Mwamvua, akamwita Bwana Mwita, kiongozi wa wachimbaji wa Nyarugusu ambao tumewashonea nguo za kazi miaka yote, akawaambia mbele yangu maneno mawili, kwamba asipelekwe Mwanza, achomwe Motoni alikochomwa mumewe, na kwamba moto niwashe mimi. Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka hili, akiwa na miaka sabini na sita. Neno lake la mwisho kwangu aliniuliza kama sare za wale wateja wa Jumatano zimekwisha, nikamwambia bado mikono, akasema, "Sasa unanikalia hapa ya nini? Kashone." Nikaenda, nikashona mkono mmoja, niliporudi alikuwa amekwenda.

Hapa niseme na jambo la jana, maana limezua maneno mjini. Wachimbaji wa Nyarugusu waliposikia msiba walikuja kumi na wanne na zana zao, Bwana Mwita akiwa bado safarini, hawakuuliza mtu, wakaenda moja kwa moja makaburi ya mjini, wakachimba kaburi. Na kaburi lenyewe si kaburi la kawaida, wamelichimba kama duara la dhahabu, limenyooka kuta, limewekwa miti ya kuzuia udongo pande zote, wakasema mama huyu kifusi hakitamgusa. Tulipowaambia Mhindu hazikwi, walisimama na masepetu yao, wanaume wazima, mmoja akaanza kulia. Na kwetu kaburi lililochimbwa halifunikwi tupu, kwa hiyo ikabidi mgomba utafutwe, na mgomba kwa Kahama hii ni wa kusaka, umeletwa kwa pikipiki, ukafungwa sanda, ukazikwa kwa heshima zote. Msiwacheke. Mimi nilisimama pale nikawaza kwamba marehemu angewakaripia kwa kupoteza nguvu, halafu angewapa chai. Wabeja sana, asanteni sana, baba zangu.

Kaka Dhaval, sikutukani. Umekuja na gari la kumbebea Mwanza, unasema huko kuna tanuru la kisasa, kuna ndugu, na kwamba mila inataka mtoto wa kiume wa ukoo. Mila naiheshimu, mtungi wa udongo wa kuzungukia mwili nimeshaujaza maji, nitaubeba begani kama inavyotakiwa, ingawa sisi wanawake wa huku tumezoea kichwani. Samli imeletwa na wafugaji wa Bugarama, vibuyu vinane, kuni kavu ziko chini ya banda tangu jana, kila kinachotakiwa na mila kipo. Kinachobishaniwa ni kimoja tu, mtoto. Na nyumba msiitaje, nyumba haimo katika maneno yangu, mkitaka mtaipigania wenyewe huko mbele, mimi nadai kumwashia moto mama yangu, basi.

Kwa niaba ya familia, na familia ni pamoja na mimi, namshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia miaka mitatu bila kumchoka, na alikuwa anachosha, wauguzi mnajua. Nawashukuru makondakta wa mabasi waliomwachia kiti cha mbele. Namshukuru Mama Mwamvua aliyemwosha, Mzee Zakir aliyefunga duka siku tatu, mafundi wote wa cherehani wa Kahama ambao leo hakuna hata mmoja aliyekanyaga pedeli, Shangazi Suzana, jumuiya yetu ya kanisa iliyopika, na wachimbaji kwa kaburi lao. Ambao sikuwataja msinune, mama alikuwa na watu wengi kuliko karatasi.

Nimalizie kwa swali moja. Mtu yeyote hapa ambaye kwa miaka hii thelathini na tisa alikuwa akimwita mama huyu kwa jina lingine, anyooshe mkono.

Sioni mkono.

Kaka Dhaval, wewe usinyooshe pia, maana jana jioni ulipofika stendi ulipotea. Uliwauliza bodaboda nyumba ya Maniben, hawakuijua. Uliwauliza duka la Kaushik, wakakutazama. Wamenisimulia wenyewe, wako pale nyuma, ulizunguka Kahama nusu saa na gari lako, mpaka uliposhusha kioo na kusema kwa mdomo wako, "Naenda kwa Mama Sesilia," ndipo pikipiki tatu zikakutangulia mpaka mlangoni. Ulilala ndani, ukala, ukachukua kalamu nyekundu, ukaandika kwamba hakujaliwa kupata mtoto.

Dereva, zima hilo gari, haliendi Mwanza. Bwana Mwita na wenzako, inueni machela. Kaka Dhaval, njoo ushike mpini wa mbele kulia, hiyo ni nafasi yako, hakuna atakayekunyima. Akina mama, leo habaki mtu nyumbani, twende wote Motoni.

Mama, umesikia, hakuna mkono ulionyooshwa. Pumzika kwa amani, na upumzike hapa hapa kwenu, Kahama.